Maktaba ya Harlem na Nyuso Mbili za Neno Bure

Neno bure katika lugha yetu lina nyuso mbili. Mtu akipewa kitu pasi na malipo husema amekipata bure. Na mtu akihangaika kutwa asiambulie kitu, naye husema amehangaika bure. Waandishi wa matangazo wa siku hizi wamelikwepa neno hili, wakashika "bila malipo", kana kwamba wanachelea wasomaji wasije wakadhani kinachotolewa hakina thamani. Hofu hiyo haikosi sababu. Kisicholipiwa mlangoni huonekana kuwa hakikumgharimu mtu, na kisichomgharimu mtu ni wepesi kuachwa kife. Nataka kuipima hofu hiyo kwa historia ya jengo moja: maktaba ya umma ya Mtaa wa 135, Harlem, mjini New York, ambayo tangu miaka ya 1920 ilikuwa mlezi wa washairi, wachoraji na waigizaji ambao leo dunia nzima inawataja.

Habari yenyewe haianzii Harlem. Inaanzia Atlanta, kusini mwa Marekani, mwaka 1902. Mwaka huo mji wa Atlanta ulifungua maktaba ya umma iliyojengwa kwa fedha za tajiri wa chuma, Andrew Carnegie. Kusoma humo kulikuwa bure, na gharama za kuiendesha zilitoka katika kodi za wakaazi wote wa mji, weupe na weusi. Hata hivyo, watu weusi hawakuruhusiwa kuingia. W.E.B. Du Bois, aliyekuwa akisomesha katika Chuo Kikuu cha Atlanta, aliongoza ujumbe kwenda kwa bodi ya maktaba kuuliza haki iko wapi katika jambo hilo. Walirudi mikono mitupu, na watu weusi wa mji ule wakangoja hadi 1921 ndipo wakapata tawi lao dogo la peke yao. Bure ya Atlanta ilikuwa na rangi.

Carnegie huyohuyo alikuwa ameupa mji wa New York, mwaka 1901, dola milioni 5.2 za kujengea maktaba za matawi. Sharti lake lilikuwa kwamba yeye atajenga, lakini mji utoe viwanja na uchukue jukumu la kuziendesha. Sisi wa mwambao tunaweza kuufananisha mpango huo na wakfu: mwenye mali hutoa nyumba au shamba, na manufaa yake yakawaendea watu wote. Ila iko tofauti moja kubwa. Wakfu wetu aghalabu hufungamanishwa na mali inayozaa, kama vile mikarafuu, minazi au maduka ya kupangisha, ili msikiti au kisima kijilishe chenyewe. Carnegie alitoa kuta. Chakula cha kila mwaka alikiacha katika mikono ya wakubwa wa mji. Tena hatuna budi kukumbuka kwamba mali yake yenyewe ilichumwa kwa jasho la wafanyakazi, wakiwamo wale wa Homestead waliogombana na kampuni yake juu ya ujira mwaka 1892, na damu ikamwagika. Kwa hiyo tangu mwanzo bure ile ilikuwa imekwisha kulipiwa na watu ambao majina yao hayakuchongwa ukutani.

Tawi la Mtaa wa 135 lilifunguliwa mwaka 1905. Wakati huo Harlem ilikuwa mitaa ya Wazungu, wengi wao Mayahudi na wahamiaji wengine kutoka Ulaya. Miaka kumi na mitano baadaye mtaa ulikuwa umegeuka: watu weusi waliokimbia dhuluma za kusini, na wengine waliotoka visiwa vya Karibi, walikuwa ndio wakaazi. Mwaka 1920 akaletwa mkutubi mkuu mpya, Ernestine Rose, mwanamke wa Kizungu aliyekuwa amekwisha kufanya kazi miongoni mwa wahamiaji katika sehemu nyingine za mji. Angeweza kulinda rafu zake na kungoja wasomaji. Badala yake aliajiri wasaidizi waliofanana na mtaa. Mwaka uleule wa 1920 Catherine Latimer akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuajiriwa kama mkutubi na Maktaba ya Umma ya New York. Baada yake walikuja Nella Larsen, ambaye miaka michache baadaye aliandika riwaya mbili mashuhuri, na Regina Anderson, aliyewatengea waandishi vijana nafasi ya kuandikia ndani ya maktaba.

Jengo likaanza kutumika usiku kama lilivyotumika mchana. Palisomwa mashairi, palizungumzwa juu ya vitabu vipya, na kuanzia 1921 kazi za wachoraji na wachonga sanamu weusi zikatundikwa na kuwekwa humo, wakati ambapo milango ya majumba makubwa ya sanaa ya mji ilikuwa migumu kwao. Hubert Harrison, mzaliwa wa St. Croix, ambaye Harlem ilimzoea akihutubia juu ya kisanduku pembeni mwa njia, alihutubia pia ndani ya maktaba hiyo. Barza ya njiani, kwa maneno mengine, ilipatiwa paa na viti.

Nitaje mfano mmoja kwa urefu kidogo, maana unawagusa wote waliolelewa kwa "paukwa, pakawa". Mwaka 1921 Rose alimwajiri binti kutoka Puerto Rico aitwaye Pura Belpré. Mtaani walikuwapo wahamiaji wengi waliosema Kispania, lakini hawakuthubutu kuvuka kizingiti kwa kudhani kwamba nyumba ile ni ya wasemao Kiingereza. Belpré alipotafuta rafuni hadithi za kisiwani kwao hakuona hata moja. Desturi ya saa za hadithi za watoto ilikuwa kwamba msimulizi asimulie yale tu yaliyokwisha kuchapwa katika vitabu. Belpré akaomba, akaruhusiwa, kusimulia hadithi aliyoirithi kwa bibi yake, ya mende aitwaye Martina na panya aitwaye Pérez. Ilichapwa baadaye, mwaka 1932. Alipohamishiwa tawi la Mtaa wa 115, mwaka 1929, aliendesha saa za hadithi kwa Kispania na kwa Kiingereza, akachezesha vikaragosi, na akaifanya sikukuu ya Wafalme Watatu, inayoadhimishwa tarehe 6 Januari, kuwa sherehe ya maktaba. Hapakuwa na mtoto aliyelipa senti. Lakini tazama thamani ya kile kilichotolewa: watoto walioambiwa skulini kwamba lugha ya mama zao ni kikwazo waliikuta lugha hiyo imekalishwa kitini, mbele ya watu, ndani ya jengo la serikali ya mji. Tangu 1996 iko tuzo ya vitabu vya watoto yenye jina lake.

Hali hiyohiyo ilijitokeza kwa watu wazima, kwa njia ambayo kila mpenzi wa vitabu ataifurahia. Kufikia mwisho wa 1924 vitabu vichache vilivyohusu watu weusi vilikuwa vinachakaa na kumalizika kwa kusomwa. Rose akaitisha mkutano wa wenyeji kutafuta dawa. Iliamuliwa kwamba viwekwe katika chumba maalumu na visomwe hapohapo, na watu wa mtaa wakajitolea kuongeza vya kwao. Chumba hicho kilifunguliwa mwaka 1925. Miongoni mwa wasimamizi wake alikuwamo Arturo Schomburg, mzaliwa wa San Juan, Puerto Rico, ambaye kwa mshahara wa karani alikuwa amekusanya maelfu ya vitabu, hati na picha za historia ya watu weusi. Mwaka 1926 Shirika la Carnegie lilimlipa dola 10,000 na kuipa maktaba mkusanyo wote. Schomburg aliitumia sehemu ya fedha hizo kusafiri hadi Ulaya kutafuta vingine. Kuanzia 1932 hadi alipofariki mwaka 1938 alikuwa mlinzi wa hazina aliyoikusanya yeye mwenyewe.

Sasa turudi kwa Du Bois. Mtu aliyezuiliwa mlangoni Atlanta mwaka 1902 alipewa, mwaka 1926, chumba cha chini ya ardhi cha maktaba ya Harlem afanye jukwaa. Pamoja na Regina Anderson na wengine alianzisha kikundi cha maigizo cha Krigwa. Rai yake ilikuwa kwamba maigizo ya watu weusi yawe yanawahusu wao, yaandikwe na wao, yalenge watazamaji wao, na yachezwe karibu na wanakoishi. Sharti hilo la mwisho, la ukaribu, ndilo ambalo maktaba peke yake iliweza kulitimiza, kwa sababu ukumbi wa kukodi ulikuwa mbali na mfuko wa mtu wa Harlem.

Hata hivyo, uso wa pili wa bure ulijitokeza humohumo. Mwaka 1927 Krigwa walishindana katika mashindano ya vikundi vidogo vya maigizo, na mchezo wa Eulalie Spence ukapata zawadi ya dola 200. Du Bois alizitumia fedha hizo kufidia gharama za matayarisho. Mwandishi na waigizaji hawakupata chochote, nao walikuwa wamejitolea kwa miezi. Kikundi kikavunjika. Tukio hili husimuliwa kwa haraka, lakini mimi naliona kuwa ndilo lenye somo zito kuliko yote. Kikao kinachoitwa bure kwa mtazamaji huwa kimelipiwa na mtu aliyekesha akishona mavazi na kuhifadhi maneno. Mtu huyo asipotajwa wala kushukuriwa, mwisho hujiona kuwa amehangaika bure, na maana zote mbili za neno hukutana kifuani mwake.

Jukwaa lenyewe halikufa. Mwaka 1940 Abram Hill na Frederick O'Neal walianzisha humo kikundi cha American Negro Theatre. Kijana Sidney Poitier, asiyekuwa na kitu mfukoni, alikubali kufagia ili afundishwe kuigiza; Harry Belafonte naye alianzia hapo. Mwaka 1944 mchezo wao *Anna Lucasta* ulitoka chumba kile cha chini ukaenda Broadway, ukachezwa mara 957.

Ulinganisho mmoja ulikuwapo palepale jirani. Mwaka 1927 A'Lelia Walker, mrithi wa utajiri mkubwa, alifungua katika nyumba yake ya Mtaa wa 136 ukumbi wa washairi na wasanii ulioitwa Dark Tower. Ulikuwa wa fahari, lakini husimuliwa kwamba bei zake ziliwashinda wengi wa wale waliokusudiwa. Walker alifariki mwaka 1931. Katika miaka ya 1940 nyumba ilibomolewa, na kwenye kiwanja chake pakajengwa maktaba ya umma, ambayo baadaye ilipewa jina la mshairi Countee Cullen. Fadhila ya tajiri huondoka na tajiri.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa upande huu wa bahari? Yanatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 1931, miaka mitano baada ya Shirika la Carnegie kuinunulia Harlem hazina ya Schomburg, ilifunguliwa mjini Nairobi Maktaba ya McMillan, ambayo fedha za shirika hilohilo zilichangia kuijenga. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Ni mwaka 1962 tu, maktaba ilipoingia mikononi mwa halmashauri ya jiji, ndipo mlango ukawa wa wote. Mfuko mmoja, basi, ulifungua chumba kwa mtu mweusi wa New York na ukasaidia kumjengea Mwafrika ukuta nchini mwake. Fedha peke yake haina upande. Upande hutiwa na wale wanaoshika ufunguo na wale wanaobisha hodi. Leo shirika la Book Bunk, lililoasisiwa mwaka 2017, limekuwa likizikarabati McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na kuandaa humo vikao vya watoto, mazungumzo na muziki.

Mwaka huohuo wa 1962, Langston Hughes alifika Makerere, Kampala, kukutana na waandishi wa Kiafrika. Hughes ni yule aliyewasili Harlem mwaka 1921 akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, na baadaye akaandika jinsi wakutubi wa Mtaa wa 135 walivyomkaribisha. Alipofariki mwaka 1967 alichomwa kwa wasia wake, na mwaka 1991 majivu yake yalizikwa chini ya sakafu ya maktaba ileile, ambayo sasa inaitwa Kituo cha Schomburg. Anayekwenda ukumbini kusikiliza mashairi hupita juu yake.

Isidhaniwe kwamba mambo yamekwisha kutulia. Novemba 2023 mji wa New York ulipunguza bajeti, na matawi ya maktaba yaliyokuwa yakifunguliwa Jumapili yakafungwa siku hiyo, siku ambayo mfanyakazi ana nafasi. Wananchi wakalalamika, na mwaka 2024 fedha zikarudishwa. Ule upungufu wa wakfu wa Carnegie, yaani nyumba isiyo na mikarafuu yake, ungali unauma baada ya zaidi ya miaka mia moja.

Kwa hiyo, pale maktaba zetu zinapotangaza usiku wa mashairi au asubuhi ya hadithi za watoto, tusiishie kufurahi kwamba hakuna kiingilio. Tuulize nani amelipia taa na mlinzi, mshairi aliyealikwa amerudi nyumbani na nini, na jambo hili limewekwa katika bajeti ya mwaka ujao au limetegemea hisani ya mtu mmoja. Tuulize pia kama mtoto wa mvuvi na mtoto wa waziri wanaingia kwa mlango mmoja. Maswali haya si ya utovu wa shukrani. Harlem ilipata ilichopata kwa sababu watu wake waliyauliza mapema, wakaendelea kuyauliza.