Zaburi ya 102, Kutoka Westminster Hadi Karema

Katika kwaya zetu za Mpanda kuna ubishi wa siku nyingi. Wazee waliolelewa na nyimbo za Kilatini husema ngoma na vinanda vya umeme vimefukuza utulivu kanisani. Vijana hujibu kwamba hawawezi kusali kwa sauti za kuazima. Sisi tumewahi kukaa pande zote mbili, na wimbo mmoja kutoka mbali ulitufanya tuutazame upya ubishi huo.

Henry Purcell, mpiga kinanda wa Westminster Abbey tangu mwaka 1679, alitunga mnamo 1682 wimbo mfupi wa sauti nane juu ya mstari wa kwanza wa Zaburi ya 102, sala ya mnyonge anayeomba kilio chake kimfikie Mungu. Sauti huingia mojamoja, kwanza kwa noti chache sana, kisha zinarundikana mpaka msikilizaji anaona kifua kinabana. Katika hati ya mkono wake, baada ya wimbo huo zimeachwa kurasa tupu. Wataalamu hudhani ulikuwa mwanzo wa kazi ndefu ambayo haikumalizika.

Mwaka 1986 mtunzi wa Sweden, Sven-David Sandström, aliuchukua wimbo huo. Hakuurekebisha. Alimwacha Purcell aseme yake kwanza, halafu akakiendeleza kile kilio kwa muziki wa karne ya 20, sauti zikigawanyika na kugongana. Heshima ya namna hiyo si ya kawaida: watunzi wengi hupenda kuanza na sauti yao wenyewe.

Kilio hicho tunakijua huku kwetu. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika walikabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambayo Wabelgiji walianza kuijenga mwaka 1879. Walilea hapo watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1889 akaja Adrien Atiman, ambaye naye alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomea uganga Malta. Alitibu watu Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka yote hiyo Misa iliimbwa kwa Kilatini. Kwa hiyo Kilatini si mali ya wageni peke yao. Mababu zetu walilia nacho.

Lakini hata kabla ya Mtaguso, mwaka 1959, Padre Stephen Mbunga alikwisha kutunga *Misa Baba Yetu*. Konstitusio ya Liturujia ya 1963 ikaja kusema mambo mawili katika sura moja: namba 114 inaagiza hazina ya muziki mtakatifu itunzwe, namba 119 inataka muziki wa asili wa mataifa yaliyopelekewa Injili upewe nafasi yake. Kwa maoni yetu, sisi tumekuwa tukinukuu namba moja na kuifumba nyingine, kila mtu kwa umri wake.

Jumapili moja tulijaribu. Wazee walianza Mwanakondoo kwa Kilatini, bila chombo chochote, mpaka mwisho. Vijana wakapokea kwa Kiswahili, ngoma moja ikiingia polepole. Besi walikosea kuingia, tukacheka baadaye. Nje ya kanisa, babu mmoja ambaye hajafika mazoezini kwa miaka mingi alituuliza Alhamisi tunaanza saa ngapi.