Kujenga Kamina bila kumaliza pori: namna ya kupima

Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, nyumba nyingi zinajengwa na matofali ya kuchoma. Namna gani mkaaji anaweza kujua kama ujenzi unachunga mazingira ao unayaharibu?

Sheria inasema nini

Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, kifungu cha 21, inaomba mradi wenye kuweza kugusa mazingira ufanyiwe kwanza utafiti wa matokeo yake (EIES), pamoja na mpango wa kupunguza madhara (PGES). Agence Congolaise de l'Environnement (ACE) ndiyo inakagua utafiti huo. Tena, wakaaji wanapashwa kuulizwa maoni mbele kazi ianze. Ile ni haki yao, hapana zawadi.

Lakini nyumba ya familia kwa kawaida haipitie njia hiyo. Nyumba moja haionekane. Mia moja pamoja zinakula pori. Kwa hiyo, mwenye kujenga anapashwa kupima mwenyewe.

Maulizo ine ya kuuliza fundi

*Moto.* Kuni ngapi zinaingia kwa matofali 1 000? Linganisha tanuru mbili, utaona tofauti. Tofali la udongo lenye kufinywa na mashini, pamoja na sima kidogo (5 hadi 10 kwa mia), haliombe moto: linanyunyiziwa maji, linakomaa kivulini karibu siku 28.

*Shimo.* Kule udongo ulitoka, nani atafukia? Shimo la wazi linajaa maji: mbu wanazaliana, na mtoto anaweza kuzama.

*Maji ya mvua.* Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni litri 1. Manjanja ya mita 100 za mraba, mvua ya milimita 50, ni litri 5 000. Kama hakuna mfereji ao pipa, maji hayo yanakata udongo wa jirani.

*Mabaki.* Mifuko ya sima na vipande vya matofali vitaenda wapi?

Wakati wa kuuliza

Uliza mbele ya kulipa fundi, kwa sababu miti yenye imekwisha kuungua hairudie. Na kama ni masomo, soko ao barabara inajengwa kwenu, muende pamoja kwa shefu wa kartie, muombe kuona PGES. Kisha mulinganishe maandiko na kazi yenyewe.