Lugha au Lahaja? Utangulizi wa Fasihi na Utambulisho wa Waukraine

Utangulizi

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alisomea udaktari Kharkiv, mji mkubwa wa kaskazini-mashariki mwa Ukraine, mpaka vita vilipomkimbiza Februari 2022. Alipofika nyumbani Kampala nilimwuliza watu wa kule wanazungumza lugha gani. Akanijibu kwamba mjini alisikia zaidi Kirusi, na kwamba Kiukraine ni "Kirusi cha shamba" tu. Nililimeza jibu hilo lilivyo. Muhula uliopita nililitoa kama mfano katika somo la isimujamii, na mwalimu akaniuliza jambo moja: ni nani aliyesema hivyo mwanzoni, na kwa faida ya nani? Nilikaa kimya. Insha hii ni jaribio langu la kulijibu swali hilo. Hoja yangu ni kwamba Kiukraine kiliitwa lahaja kwa sababu za utawala, si za isimu, na kwamba fasihi ndiyo iliyowasaidia Waukraine kujitambua kama taifa katika karne ambazo hawakuwa na dola yao.

Mwanzo wa fasihi andishi ya kisasa

Kabla ya vitabu, historia ya Waukraine ilihifadhiwa katika nyimbo. Waimbaji walioitwa kobzari, wengi wao wakiwa vipofu, walizunguka vijijini na ala ya nyuzi iitwayo kobza au bandura, wakiimba tendi za Wakozaki, wapiganaji wa nyika waliojitawala katika karne ya 16 na 17. Ni fasihi simulizi kwa kila kipimo tunachofundishwa darasani.

Fasihi andishi ya kisasa huhesabiwa kuanzia mwaka 1798, Ivan Kotliarevsky alipochapishiwa sehemu za kwanza za Eneida. Alichukua utenzi wa Virgil wa Roma, akawageuza mashujaa wake wa Troya kuwa Wakozaki wanaokula, kunywa na kutaniana kwa lugha ya watu wa kawaida. Kitabu kilikuwa cha kuchekesha, lakini kilithibitisha jambo zito: lugha ya sokoni iliweza kubeba utenzi mzima. Kiukraine sanifu kilijengwa hasa juu ya lahaja za eneo la kati la mto Dnieper, kama Kiswahili sanifu kilivyojengwa juu ya Kiunguja.

Aliyeipa fasihi hii uzito wake ni Taras Shevchenko. Alizaliwa mwaka 1814 akiwa mali ya bwana shamba, mtu wa kuuzwa pamoja na ardhi. Mwaka 1838 wasanii wa St. Petersburg walimkomboa kwa rubo 2,500, fedha zilizopatikana kwa bahati nasibu ya picha iliyochorwa na Karl Briullov. Miaka miwili baadaye alitoa diwani ya mashairi manane, akaiita Kobzar, kwa jina la wale waimbaji. Mwaka 1847 alikamatwa, akapelekwa uhamishoni kama askari wa kawaida, na Mfalme Nicholas I akaongeza kwa mkono wake kwamba asiruhusiwe kuandika wala kuchora. Shevchenko aliandika hata hivyo, katika vidaftari vidogo alivyoficha ndani ya buti. Inafaa pia kukumbuka kwamba shajara yake aliiandika kwa Kirusi. Alikijua Kirusi vizuri. Kwa mashairi alichagua Kiukraine.

Miaka ya marufuku

Hapa ndipo nilipopata jibu la swali la mwalimu. Mwaka 1863 Pyotr Valuev, waziri wa mambo ya ndani wa Urusi, alitoa waraka uliozuia vitabu vya dini na vya elimu kwa Kiukraine. Waraka huo ulidai kwamba lugha kama hiyo haijapata kuwapo, bali ni Kirusi kilichoharibiwa. Mwaka 1876 Mfalme Alexander II, akiwa mapumzikoni Ems, Ujerumani, alitia saini amri kali zaidi: ilizuia kuingiza vitabu vya Kiukraine kutoka nje bila kibali maalumu, ikazuia tafsiri na maonyesho ya jukwaani. Kazi za kubuni ziliruhusiwa kwa masharti, mojawapo likiwa zifuate tahajia ya Kirusi.

Tazama mgongano uliomo. Kama lugha haipo, kuna haja gani ya kuipiga marufuku mara mbili? Na ukiilazimisha ivae tahajia ya jirani yake, msomaji wa baadaye atadhani kweli ni lahaja ya jirani huyo. Maneno ya kaka yangu yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, naye hakujua.

Marufuku hayo yaliishia mpakani. Magharibi, Waukraine wa Galicia walikuwa chini ya Austria, na mji wa Lviv ukawa mahali pa kuchapisha. Huko alifanya kazi Ivan Franko, mtoto wa mhunzi, mshairi, mwandishi wa riwaya na mtafiti. Na huko ndiko ilikochapishwa, mwaka 1893, diwani ya kwanza ya Larysa Kosach, raia wa upande wa Urusi. Jina lake la kalamu lilikuwa Lesia Ukrainka, yaani Lesia Mwanamke wa Ukraine. Katika dola iliyokataa kuwapo kwa taifa hilo, kutia sahihi tu kulikuwa hoja.

Herufi moja

Katika miaka ya 1920 serikali ya Kisovieti ilikiruhusu Kiukraine shuleni na ofisini. Kharkiv ilikuwa mji mkuu wa Ukraine ya Kisovieti, na mwaka 1928 tahajia ya pamoja ilikubaliwa hukohuko. Kumbe mji ambao kaka yangu aliujua kwa Kirusi ulikuwa umejaa washairi wa Kiukraine.

Kisha ukaja mwaka 1933. Njaa iliyosababishwa na sera za Stalin, ambayo Waukraine huiita Holodomor, iliua mamilioni, wengi wao wakulima wa vijijini waliokizungumza Kiukraine. Mwezi Mei mwandishi Mykola Khvylovy alijiua kwa risasi. Julai akafuata Mykola Skrypnyk, kiongozi aliyesimamia tahajia ya 1928. Mwaka huohuo herufi ґ, inayowakilisha sauti ya g, iliondolewa katika alfabeti, na kanuni nyingine zikasogezwa karibu na Kirusi. Mwaka 1937 mwandishi wa tamthilia Mykola Kulish, mwongozaji wa michezo ya jukwaani Les Kurbas na mshairi Mykola Zerov walipigwa risasi katika msitu wa Sandarmokh, kaskazini mwa Urusi. Kizazi chao huitwa Uamsho Uliouawa.

Herufi ile ilirudishwa mwaka 1990. Mwaka uliofuata, katika kura ya maoni ya Desemba, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliunga mkono uhuru.

Hitimisho

Sisemi kwamba Mukraine anayezungumza Kirusi si Mukraine; wapo wengi, na utambulisho hauishii kwenye lugha. Ninachosema ni kwamba tofauti ya lugha na lahaja, ambayo sisi wanafunzi huiandika kwenye mtihani kwa mistari mitatu, imewahi kugharimu maisha ya watu.

Nilimpa kaka yangu rasimu ya insha hii aisome. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba kwa miaka minne alipanda metro katika kituo chenye jina la mshairi Pushkin, na hakuwahi kujiuliza kwa nini si jina la mmoja wa washairi wa mji wenyewe. Jibu lake hilo la pili ndilo ningelipeleka darasani.