Kufufua Pijo la zamani: Bajeti kwanza, spana baadaye

KATIKA nyua nyingi za miji ya Afrika Mashariki, nyuma ya nyumba au kando ya gereji, lipo gari moja lililokalishwa juu ya matofali. Matairi yameondolewa, boneti haifungi vizuri na kuku wamepata mahali pa kutagia kwenye kiti cha nyuma. Mwenye gari akiulizwa, hujibu kwamba yumo katika kulitengeneza. Jibu hilo wakati mwingine lina umri wa miaka kumi.

Mafundi wapo na vipuri, kwa kiasi kikubwa, hupatikana. Kilicholikwamisha gari la namna hiyo, mara nyingi, ni hesabu ambayo haikufanywa siku ya kwanza.

Kufufua gari la zamani ni miongoni mwa burudani zinazompa mtu wa mjini kazi ya mikono baada ya juma zima la kukaa ofisini. Lakini ni burudani inayokula fedha kidogo kidogo, na wahenga walikwisha kuonya kuwa bandu bandu huisha gogo. Makala haya yanaeleza namna ya kupanga bajeti ya kazi hiyo, kwa kutumia mfano wa gari ambalo wasomaji wengi wanalifahamu: Peugeot 504, maarufu kwa jina la Pijo.

Kwa nini Pijo

Peugeot 504 lilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likatunukiwa heshima ya Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Umbo lake lilibuniwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Yalitengenezwa zaidi ya magari milioni 3, na kazi ya kuyaunganisha iliendelea barani Afrika, zikiwamo Kenya na Nigeria, miaka mingi baada ya saluni yake kuacha kutengenezwa Ulaya.

Jina la Peugeot lilipata heshima katika mashindano ya Safari. Ndugu yake mkubwa, 404, alishinda mwaka 1963, kisha akashinda mara tatu mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland wa Tanzania akiwa na msomaji ramani wake, Chris Rothwell. Baadaye 504 lilishinda mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden, na tena mwaka 1978, safari hiyo likiwa la muundo wa milango miwili, likiendeshwa na Mfaransa Jean-Pierre Nicolas.

Kwa anayeanza, sababu kubwa zaidi ya kulichagua ni wepesi wa mitambo yake. Ni gari la kabureta na platini, lisilo na kompyuta, ambalo fundi mzee wa mtaani analijua kwa kusikiliza mlio tu.

Amua unataka gari la namna gani

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, andika kwenye daftari lengo la kazi yako. Yapo malengo matatu, na gharama zake hutofautiana sana.

La kwanza ni gari linalotembea kwa usalama, hata kama rangi yake imepauka. La pili ni gari lililokarabatiwa likapendeza, lenye rangi mpya na viti vilivyoshonwa upya, bila kujali kama kila kipuri ni cha asili. La tatu ni gari lililorejeshwa kama lilivyotoka kiwandani, hadi kwenye nembo na vifungo vya redio.

Wengi huharibikiwa kwa kuanza na lengo la kwanza, kisha wakaingia la tatu katikati ya njia bila kubadili bajeti. Anayeanza na ashike la kwanza, akilikamilisha ndipo afikirie la pili. La tatu ni la mwenye kipato cha ziada na subira ya miaka.

Nunua bodi, usinunue injini

Mnunuzi mgeni huvutwa na injini inayonguruma. Mzoefu huinama na kuangalia chini ya gari. Injini ya Pijo inaweza kushushwa na kufanyiwa ukarabati mkubwa kwa gharama inayokadirika mapema. Silinda zake ni za slivu za kuchomoa, hivyo zikichakaa hubadilishwa pamoja na pistoni na ringi bila kutafuta bloku nyingine.

Kutu ndiyo isiyokadirika. Fundi akikwangua rangi penye tundu la ukubwa wa sarafu, huweza kukuta bati limeoza kwa urefu wa mkono. Kagua sakafu chini ya mazulia, vizingiti vilivyo chini ya milango, kingo za madigadi, sehemu ya chini ya kioo cha mbele, na mahali shokapu za mbele zinapofungwa kwenye bodi. Chukua sumaku ndogo na kuipitisha juu ya bati. Ikikataa kushika, hapo kuna puti nene badala ya chuma. Gari lililokaa miaka mingi Tanga, Mombasa au Zanzibar huwa limeliwa na chumvi ya bahari kuliko lililokaa penye ukavu kama Dodoma. Nauli ya kwenda kutazama gari la bara inaweza kuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Usiache kukagua injini kabisa. Kichwa chake ni cha alumini, nacho hupinda gari likichemka kupita kiasi. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta ute wa rangi ya maziwa, maji yamechanganyika na oili, na gharama ya kichwa na gasketi iingie katika bei mtakayoelewana.

Hesabu pia vitu vinavyokosekana. Kioo cha mbele, taa, mipira ya milango na mapambo ya chuma kinachong'aa huonekana vidogo, lakini kuvitafuta kimoja kimoja huchosha mfuko kuliko kununua gari lililotimia. Wengine hununua Pijo la pili lililokufa kwa bei ya chuma chakavu ili liwe ghala la vipuri. Ni busara, mradi ukumbuke kwamba pikapu na stesheni wagoni hazilingani na saluni nyingi katika mfumo wa nyuma wa springi na ekseli.

Karatasi na mirathi

Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi ya gari, kisha hakikisha kwa mamlaka ya usajili, ambayo kwa Tanzania ni Mamlaka ya Mapato (TRA). Gari lisilo na kadi libaki kuwa ghala la vipuri, kwa kuwa hutaweza kulitembeza barabarani hata ukilipamba vipi. Wazo la kuagiza gari la zamani kutoka nje nalo lipimwe vyema: Kenya ina ukomo wa miaka minane kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa yaliyochakaa.

Lipo pia suala ambalo wengi huona aibu kulizungumza. Pijo nyingi zilizobaki ni mali ya wazazi waliokwisha kufariki. Mtoto mmoja hulichukua gari la marehemu baba kwa mapenzi, akatumia akiba yake miaka mitatu, na siku linapotoka gereji liking'aa, ndugu zake wanakumbuka kwamba nao ni warithi. Kabla ya kununua hata plagi moja, kaeni kikao cha familia, muandikiane, na msimamizi wa mirathi ahamishe umiliki kwa jina lako. Gari ni chuma, udugu ukivunjika hauna fundi.

Hesabu ya mfano

Tuseme umekwisha kununua gari, na wewe na mwenzi wako mmekubaliana kutenga shilingi 300,000 kila mwezi kwa muda wa miaka mitatu. Jumla itakuwa shilingi 10,800,000. Mgawanyo unaofaa kuanzia ni huu:

Bati, uchomeleaji na rangi: asilimia 35, yaani shilingi 3,780,000.

Injini, gia boksi, breki na springi: asilimia 25, yaani shilingi 2,700,000.

Umeme na matairi: asilimia 10, yaani shilingi 1,080,000.

Viti, dari na mazulia: asilimia 10, yaani shilingi 1,080,000.

Akiba ya dharura: asilimia 20, yaani shilingi 2,160,000.

Viwango hivyo ni vya mfano. Kila gari lina ugonjwa wake. Lakini fungu la akiba lisiguswe kwa ajili ya mapambo. Kazi yake ni kutu iliyojificha na kipuri kilichopasuka mikononi mwa fundi.

Fedha zikae katika akaunti au kibubu cha peke yake, na kila risiti ibandikwe kwenye daftari. Usikope kwa ajili ya burudani, wala usiguse ada ya watoto kwa ahadi kwamba utairudisha mwisho wa mwezi. Tambua pia kwamba ni nadra kuuza gari la namna hii kwa bei inayolingana na uliyotumia. Fedha hizo zihesabiwe kama za burudani nyingine yoyote, ambazo faida yake ni raha uliyoipata.

Kazi kwa hatua

Kosa linalozalisha magari ya juu ya matofali ni kufungua kila kitu kwa wakati mmoja. Kanuni iwe moja: usifungue hatua ya pili kabla ya kufunga ya kwanza.

Anza na breki, mfumo wa mafuta, nyaya za umeme na rejeta, hadi gari litembee na kusimama lenyewe. Gari linalotembea, hata likiwa baya, humpa mwenyewe moyo, na likishindikana huuzika. Fuata na bati na uchomeleaji, kisha rangi. Viti na mazulia viwe vya mwisho, maana vikitangulia huchafuliwa na kuungua kwa cheche.

Kila kinachofunguliwa kipigwe picha, na bolti zake ziwekwe katika mfuko wenye maandishi. Kwa fundi, patana bei ya hatua na si ya siku, mlipe kila hatua inapokamilika, na vipuri ununue mwenyewe, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Nenda na kipuri cha zamani mkononi. Kukadiria kwa maneno kumewarudisha wengi dukani mara ya pili.

Kichwa cha injini kikifunguliwa, mwombe fundi akague viti vya valvu. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikilinda viti vya injini nyingi za zamani, iliondolewa Afrika Kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kwa magari ya kale yenye vichwa vya chuma cha kusubu, kuweka viti vigumu wakati kichwa kiko nje ni nafuu kuliko kukifungua tena.

Usalama nao una bajeti yake. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, nunua stendi. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa upepo, kwa sababu huweza kuwa na asbestosi inayodhuru mapafu. Lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa. Rangi ya kupuliza iachiwe fundi mwenye barakoa inayofaa, mbali na jiko na watoto.

Kulifurahia

Gari likikamilika, lisigeuzwe sanamu. Gari lisilotembea huharibika: petroli huchacha, mipira hukauka na breki hushikana. Litoe angalau mara mbili kwa mwezi, Jumapili asubuhi kabla ya foleni, na tenga kiasi kidogo cha kila mwezi kwa oili, bima na marekebisho. Kusafisha plagi na kurekebisha platini ni kazi ambazo mwenye gari anaweza kujifunza kwa siku moja, na mtoto wa miaka kumi anaweza kumshikia tochi.

Wapo watakaotaka kuonyesha kazi yao. Nairobi ina maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 na kujulikana zaidi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako magari hupimwa kwa usafi na ubora wa matunzo. Wenye mifuko mirefu wanayo mashindano ya Safari ya magari ya zamani, yaliyoanzishwa mwaka 2003. Wengine huridhika kuwapeleka maharusi kanisani au msikitini katika gari ambalo wazee wa harusi waliliota wakiwa vijana.

La mwisho ni kujua wakati wa kuacha. Ikiwa fungu la akiba limekwisha na bati bado halijakamilika, simama. Funika gari, jaza akiba upya, au liuze kwa mwenye uwezo lingali na thamani. Hakuna aibu katika hilo. Linaloumiza ni kumwambia mgeni, kwa mwaka wa kumi, kwamba bado unalitengeneza, ilhali kuku wanajua ukweli.