Kiungo cha Taya Mbele ya Mahakama

Kiungo cha taya, yaani mahali ambapo taya la chini hukutana na fuvu mbele kidogo ya sikio, kilihusishwa sana na mpangilio wa meno kuanzia mwaka 1934, pale James Costen, daktari wa masikio wa St. Louis nchini Marekani, alipodai kuwa kupotea kwa magego huathiri kiungo hicho na kuleta maumivu ya sikio. Wataalamu wa anatomia walilikosoa dai hilo, lakini shaka ilibaki, na mwaka 1987 jopo la raia waamuzi huko Michigan likampa fidia ya dola 850,000 mgonjwa kijana aliyedai kwamba kunyooshwa meno kulimharibia kiungo hicho. Hukumu hiyo iliwashtua madaktari wa kunyoosha meno, wakagharimia utafiti ulioonyesha kuwa waya za meno, hata meno yanapong'olewa ili kupata nafasi, kwa kawaida hazisababishi ugonjwa wa kiungo hicho wala hazizuii. Neno hilo la mwisho ndilo zito zaidi, kwani humwondolea mzazi sababu ya kumfunga mtoto waya kwa kinga pekee. Tena, maumivu ya taya huongezeka wakati wa balehe, umri uleule ambao watoto wengi hufungwa waya, hivyo ni rahisi mambo yanayotokea pamoja kudhaniwa kuwa chanzo na matokeo.