Majina ya Mababu Hayana Hati: Hoja ya Hakitungo

Neno hakimiliki limezoeleka kiasi kwamba anayelihoji huonekana mkorofi. Nalihoji hata hivyo, na ushahidi nautoa katika tovuti za nasaba, zile zinazolishwa na watu wa kujitolea wanaokusanya majina ya waliozaliwa, waliooana na waliozikwa. Chukua makaburi ya Kanisa la St Peter's mjini Nyeri, si mbali na Ruring'u. Hapo wamezikwa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefariki Januari 1941, na Jim Corbett, mwindaji wa chui milia wa India, aliyefariki Aprili 1955. Jiwe la Baden-Powell lina duara lenye nukta katikati, ishara ambayo kila skauti anaijua. Anayelipiga picha jiwe hilo na kuiweka mtandaoni ana haki juu ya picha yake. Juu ya jina la marehemu na tarehe iliyochongwa hana haki yoyote, wala jamaa za marehemu hawana, wala mwenye tovuti. Msomaji anayajua hayo. Shida ni kwamba neno tulilopewa linamwambia kinyume chake.

Haki na miliki zote mbili zimetoka Kiarabu. Haki imetulia katika Kiswahili bila kumsumbua mtu. Miliki ni ya ukoo mzito zaidi: mzizi wake ndio uliozaa milki, malkia, mmiliki na mamlaka, yaani maneno ya enzi, ya kushika kitu na kuwafukuza wengine wote. Katika miji ya Mlima Kenya neno hilo lina uzito wa ziada. Tangu mashamba ya Mkoa wa Kati yaunganishwe na kusajiliwa katika miaka ya 1950, katikati ya Hali ya Hatari, kumiliki hapa ni kuwa na hati, mipaka na nambari ya kiwanja. Mwambie mtu wa mbari fulani kwamba tovuti ina hakimiliki ya orodha ya ukoo wake, naye ataelewa kwamba mababu zake wameandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Hofu hiyo si ya kipuuzi, maana nasaba ndiyo inayopelekwa mahakamani watu wanapogombania urithi wa shamba.

Wapo waliokwepa miliki wakatuletea haki ya kunakili. Hawa wamemtazama mwenye mashine ya kunakilia wakamsahau aliyeandika. Kunakili ni tendo moja tu kati ya mengi ambayo sheria inayalinda: kutafsiri, kutangaza, kusambaza, hata kutajwa jina kama mwenye kazi. Tafsiri ya aina hii hutokea kamati ya istilahi inapokaa na kamusi ya lugha moja mkononi, ikahesabu silabi na kwenda kunywa chai.

Neno ninalolitetea ni hakitungo. Limewahi kuchekwa na wataalamu ambao sitawataja, kwa heshima ya mvi zao, kwa madai kwamba tungo ni mashairi. Turudi kwenye kitenzi. Kutunga, kabla ya kuwa kazi ya washairi, ni kupitisha uzi katika shanga. Anayetunga shanga hakuzifinyanga. Alizikuta, akachagua, akapanga ipi itangulie ipi, na akitaka kudai kitu atadai mpangilio wake. Hiyo ndiyo sheria yenyewe ya orodha za nasaba. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu majedwali na mikusanyo ya data kuwa miongoni mwa kazi za maandishi, kwa sharti kwamba juhudi za kutosha zimetumika kuipa kazi sura yake ya asili. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwenda mbali zaidi mwaka 1991, katika kesi ya Feist iliyohusu kitabu cha nambari za simu: majina na nambari ni ukweli mtupu usio na mwenyewe, na kuvipanga kwa alfabeti si utungaji. Kwa Wagĩkũyũ hoja hii ina makali zaidi. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti hufuata mabibi kwa utaratibu huo huo. Nasaba iliyopangwa kwa kanuni hiyo tu haikutungwa na mtu. Desturi ndiyo iliyoipanga.

Kwa nini basi isiwe hakitunzi? Kwa sababu mtunzi wa kutunga, ambaye g yake imegeuka z kama ya mjenzi wa kujenga, anafanana mno na mwenye kutunza, na watunza tovuti wamekwisha kujichanganya vya kutosha. Kutunza ukurasa hakukupi haki juu ya kilichotungwa na wenzako.

Nitaambiwa kwamba hakimiliki limo katika sheria ya Tanzania ya 1999, pamoja na mwenzake hakishiriki, na kwamba ofisi nzima inalibeba jina hilo. Kweli. Lakini sheria ya Kenya imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hatujafungwa na tafsiri ya mtu, na tukiisubiri kamati itufungue tutasubiri sana. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba sheria yetu yenyewe inaiita haki hii mali. Ndiyo, ila inaihesabu kuwa mali inayohamishika, kundi moja na mbuzi na baiskeli. Tena ni mali yenye kikomo: kwa kazi za maandishi, maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa hesabu hiyo ya sasa, barua za Baden-Powell ziliachwa huru mwisho wa 1991. Shamba gani la Tetu au Mathira linarudi kwa umma miaka 50 baada ya mwenyewe kuzikwa?

Kuhusu matumizi, kwa ufupi. Mtu wa kujitolea si mwajiriwa, kwa hiyo hakitungo ya picha au maelezo yake hubaki kwake mpaka atie saini hati ya kuihamisha. Kumpa mwenye tovuti ruhusa ya kuchapisha si kumpa kazi yenyewe. Jambo hili lilipata uzito mwaka 2013, pale tovuti ya makaburi ya Find a Grave, iliyojengwa na mikono ya watu wasiolipwa, iliponunuliwa na kampuni ya Ancestry. Data za walio hai ni habari nyingine, na zina sheria yake ya 2019.

Wanaoandaa masharti ya tovuti za ukoo kwa Kiswahili nawaomba wafute sentensi yoyote inayodai hakimiliki ya majina yote yaliyomo. Waandike hakitungo, kisha waorodheshe kazi moja moja pamoja na jina la aliyeitunga. Kamati nayo, itakapokaa tena, ianze na kitenzi kutunga.