Sheria na Falsafa ya Maadili: Funzo kutoka Mara

Katika makala haya tunakusudia kutazama kwa ufupi jinsi elimu ya sheria na elimu ya falsafa zilivyokutana katika maisha ya watu wawili wa mkoa wa Mara. Katika vyuo vikuu kadhaa vya ng'ambo mwanafunzi aweza kusomea fani hizo mbili pamoja na kutunukiwa shahada ya juu katika kila moja. Jambo hili si geni kama wengi wanavyodhani. Martin Luther mwenyewe alihitimu uzamili katika Erfurt mwaka 1505, akiwa amesoma falsafa ya Aristotle, akaanza masomo ya sheria kabla ya kuingia monasteri mwezi Julai mwaka ule ule.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934 alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Baada ya Tabora na Makerere, na miaka mitatu ya ualimu, aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, akahitimu mwaka 1952. Shahada yake haikuwa ya sheria wala ya falsafa peke yake. Ilikuwa shahada ya sanaa, na miongoni mwa masomo yake yalikuwamo uchumi, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Kiti cha falsafa ya maadili kilikuwa wakati huo cha John Macmurray, aliyefundisha kwamba mtu huwa mtu kamili katika uhusiano wake na wenzake. Kwa mtu aliyekulia Uzanaki fundisho hilo halikuwa geni.

Je, masomo hayo mawili yalipatana alipokabidhiwa nchi? Hapo ndipo penye swali zito. Mwezi Januari 1964 Rais Nyerere aliunda Tume ya kushauri juu ya katiba ya chama kimoja, chini ya uenyekiti wa Rashidi Kawawa. Katika taarifa yake ya 1965 Tume ilikataa kuziweka haki za binadamu katika katiba kwa namna ambayo mahakama ingeweza kuzisimamia. Iliona kwamba taifa changa lingeingia katika ugomvi baina ya mahakimu na serikali, na kwamba ulinzi bora wa raia ni maadili ya taifa lenyewe. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwa maana sheria isiyo na mizizi katika dhamiri za watu huvunjwa hata na wale walioitunga. Basi haki zikatajwa katika utangulizi wa Katiba ya 1965, pasipo nguvu ya kisheria.

Lakini tangu mwaka 1962 ilikuwako sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, nayo ilitumika katika miaka ya utawala wake. Mtu aliyefungwa kwa sheria hiyo hakuweza kujitetea kwa maneno mazuri ya utangulizi. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, Nyerere angali Rais, zikaanza kusimamiwa na mahakama mwaka 1988. Kwa hiyo twaona kwamba falsafa ya maadili pekee, hata ikiwa mikononi mwa mtu mwadilifu, haikutosha kumlinda mnyonge.

Joseph Sinde Warioba, mzaliwa wa Bunda, alikuja kwa njia nyingine. Alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966, akawa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Lakini mwanasheria huyu aliongoza Tume ya kuchunguza kero ya rushwa mwaka 1996, kisha Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoanza kazi mwaka 2012. Rasimu ya Tume hiyo iliutaja utu na uadilifu miongoni mwa tunu za taifa, ndani ya vifungu vyenyewe. Yaani mwanasheria naye alilazimika kuuliza swali la mwanafalsafa: sheria hii yamhudumia nani, na kwa wema gani? Kura ya maoni iliyotazamiwa mwaka 2015 haikufanyika, na swali hilo limebaki mbele ya taifa.

Sisi tulio katika huduma hatuna budi kulisikia funzo hili. Mchungaji huketi katika mabaraza, hushika katiba ya kanisa, huamua mashauri ya nidhamu, na mara nyingi mjane aliyenyang'anywa shamba hubisha kwake kwanza. Akijua maadili tu, atamfariji mjane huyo na kumwacha bila shamba. Akijua vifungu tu, aweza kumwonyesha kifungu na kumfukuza. Yatupasa basi kuwahimiza wanafunzi wetu wasome yote mawili, hata kama hakuna shahada moja inayoyaunganisha.